Nani Anaorodhesha Zilipendwa?

Wapenzi wa muziki wa dansi wana ubishi usiokwisha. Ukiwakuta kwenye kijiwe cha kahawa Kariakoo, msibani wakisubiri muda wa maziko, au kwenye veranda za chuo baada ya semina, wataanza na swali linaloonekana jepesi: albamu zipi kumi ni bora kuliko zote katika zama za dhahabu za muziki wa dansi wa Tanzania, yaani tangu Uhuru hadi katikati ya miaka ya 1980? Baada ya dakika kumi utawasikia wakigawanyika kati ya Sikinde na Msondo, wazee wakiwacheka vijana, na vijana wakichomoa simu kutafuta ushahidi.

Nami ni mshiriki wa ubishi huo, wala sioni haya kusema naupenda. Lakini kila nisikilizapo orodha zinazotolewa, jambo moja hunisumbua. Remmy Ongala yumo karibu kila mara. Mbaraka Mwinshehe yumo. Les Wanyika wamo, ingawa waliweka makao Nairobi. Kisha watu wanakwama. Atatajwa Marijani Rajab, atatafutwa kwa albamu, na albamu haionekani. Itatajwa NUTA Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1964 na iliyoulea muziki wa mjini kwa miongo, nayo itaachwa kwa sababu hiyo hiyo. Mwishowe mtu atasema: “Basi hao tuwaweke kwenye orodha ya nyimbo, si ya albamu.”

Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba kauli hiyo ya upole inaficha dhuluma ya kihistoria. Orodha ya albamu bora za zama zile, ikifuata maana ya kawaida ya neno albamu, haitupimii ubora wa muziki. Inatupimia nani aliweza kukifikia kiwanda cha santuri na nani hakuweza. Na kwa kuwa siku hizi tunahifadhi, tunafundisha na tunalipa kwa kufuata orodha, kosa la kipimo linageuka kuwa kosa la haki.

Albamu ni chombo, na kila chombo kina historia

Neno albamu limetokana na kitabu. Katika enzi za santuri nzito za kasi ya 78, upande mmoja ulibeba takriban dakika tatu za sauti. Aliyetaka kuuza kazi ndefu alizifunga santuri kadhaa ndani ya majalada yaliyofanana na kitabu cha kuwekea picha. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri kubwa inayozunguka polepole, yenye uwezo wa kubeba zaidi ya dakika ishirini kila upande, na jina la kile kitabu likahamia kwenye sahani moja. Mwaka uliofuata RCA ilijibu kwa santuri ndogo ya kasi ya 45.

Kwa hiyo albamu kama kazi moja iliyopangwa, yenye mwanzo na mwisho, jalada na wazo linaloiunganisha, ilizaliwa ndani ya uchumi maalumu. Ilihitaji kiwanda cha kutengeneza santuri, maduka ya kuziuza, wanunuzi wenye gramafoni, na kampuni iliyokuwa tayari kuweka mtaji kwa msanii mmoja kwa miezi. Vitu hivyo vilipokutana, kama huko Marekani na Uingereza katika miaka ya 1960, msanii alianza kufikiri kwa albamu. Visipokutana, msanii alifikiri kwa njia nyingine, bila kuwa msanii mdogo kwa sababu hiyo.

Tujiulize basi: mtunzi wa Dar es Salaam mwaka 1975 alifikiri kwa kipimo gani? Alifikiri kwa wimbo mmoja mrefu. Wimbo wa dansi wa wakati ule una sehemu mbili. Kwanza ni masimulizi, ambamo waimbaji wanaeleza kisa kwa utulivu. Pili ni mchemko, ambapo magitaa yanashika usukani, tarumbeta zinajibu, na wachezaji ukumbini wanapata walichokifuata. Ukiuleta wimbo wa namna hiyo kwenye santuri ndogo ya kasi ya 45, unalazimika kuukata: kisa upande wa kwanza, mchemko upande wa pili. Santuri nyingi za Nairobi zilifanya hivyo. Chombo ndicho kilichoukata wimbo, mtunzi hakuukata.

Kiwanda kilikuwa wapi?

Afrika Mashariki ya kikoloni ilijengwa ili Nairobi iwe soko na karakana, na muziki haukusalimika na mpango huo. Viwanda vya santuri vilikuwa Nairobi, na baadaye kampuni kubwa za kimataifa zilifungua ofisi huko huko. Mombasa walikuwapo wafanyabiashara kama Assanand, wenye lebo ya Mzuri, walioirekodi Cuban Marimba ya Salum Abdallah wa Morogoro. Kinshasa nako kulikuwa na kiwanda cha MAZADIS. Tanganyika ilipata bendera mwaka 1961 bila kupata mtambo wa santuri.

Tukiuweka ukweli huo mezani, orodha zetu zinaanza kusomeka upya. Mbaraka Mwinshehe, aliyepiga na Morogoro Jazz na kwenda nayo Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, na ambaye baadaye aliongoza Super Volcano, alirekodi Nairobi na kazi zake zikatoka kwa lebo ya Polydor. Alipofariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa Januari 1979, kampuni ilikuwa na hazina ya kutosha kuzikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa Ukumbusho. Ndiyo maana Mbaraka ana “albamu”. Kipaji chake hakina ubishi, ila kipaji peke yake kisingetosha kumpa jalada.

Ndugu Wilson na George Kinyonga, wenyeji wa Tanga, walihamia Kenya mapema katika miaka ya 1970 na bendi yao ya Simba Wanyika ikakulia Nairobi. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki walijitenga na kuunda Les Wanyika, na wimbo wao “Sina Makosa” ukaenea kutoka Lamu hadi Bujumbura. Nao wana nafasi katika orodha kwa sababu walihamia palipokuwa na mtambo.

Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Tunapofundisha tukio hilo tunazungumzia ndege, reli na bandari zilizogawanywa. Ni nadra kutaja kwamba lilibana pia njia ya bendi za Tanzania kuelekea kwenye viwanda vya santuri. Na miaka hiyo hiyo ndiyo ambayo wapenzi wengi, mimi nikiwamo, tunaiona kuwa kilele cha uimbaji wa Dar es Salaam. DDC Mlimani Park ilianza mwaka 1978. Dar International ya Marijani Rajab ilivuma kipindi hicho. Vijana Jazz ya Hemed Maneti ilikuwa ikijaza kumbi. Muziki ulifika kileleni wakati njia ya kuelekea kwenye albamu imezibwa.

Redio ndiyo ilikuwa kampuni ya santuri

Muziki huo ulikwenda wapi? Ulikwenda Barabara ya Pugu, kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, chombo kilichopata jina hilo mwaka 1965 na kilichobaki peke yake hewani upande wa Bara hadi sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliporuhusu vituo binafsi. Bendi ilipeleka nyimbo zake, ikarekodi kwenye utepe, na utepe ukabaki mali ya redio. Wimbo ukipigwa hewani, watu waliufuata ukumbini mwishoni mwa wiki: DDC Kariakoo, Magomeni, Ilala na kwingineko. Tiketi ya mlangoni, pamoja na mshahara wa shirika lililoimiliki bendi, ndivyo vilivyompa mwanamuziki ugali wake.

Mfumo huo ni wa pekee, na wanafunzi wa siasa wautazame kwa makini. Bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi za umma. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na ilibadili jina kila chama kilipobadili jina: NUTA, JUWATA, OTTU. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park ilikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, na ndiyo asili ya zile herufi DDC. Magereza, jeshi, bima na usafirishaji, kote kulikuwa na bendi. Ala zilikuwa za shirika, mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na rekodi haikuwa bidhaa ya dukani. Ilikuwa tangazo, burudani na huduma ya taifa kwa wakati mmoja.

Katika mazingira hayo, kumuuliza Muhiddin Maalim Gurumo albamu yake bora ni ipi ni sawa na kumuuliza mkulima wa kijiji cha ujamaa ana hisa ngapi sokoni. Gurumo alikuwa NUTA Jazz tangu mwanzo wake, akawa miongoni mwa waliounda Mlimani Park mwaka 1978, akaenda International Orchestra Safari Sound mwaka 1985, kisha akarudi kwenye bendi yake ya kwanza, iliyokuja kujulikana kama Msondo Ngoma. Alifariki Aprili 2014. Kazi yake imetapakaa katika tepe za bendi tatu na miongo mitano. Orodha ya albamu haina kikapu cha kuibebea.

Kaseti zilipoenea katika miaka ya 1980, hali ilikuwa mbaya zaidi. Wenye vibanda walinasa nyimbo kutoka redioni au kunakili kanda kwa kanda, wakauza mitaani. Mwanamuziki alisikia sauti yake kila dirisha bila senti kumfikia. Tulikuwa na sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1966, lakini ilichukua hadi Sheria Na. 7 ya mwaka 1999 kupata sheria mpya ya Hakimiliki na Hakishiriki, na chama cha kuisimamia kikaja baada ya hapo. Kufikia wakati huo Marijani Rajab alikuwa ameshafariki, mwaka 1995. Miaka yake ya mwisho alikuwa na kibanda cha kuuza kanda za muziki pale Kariakoo.

Majaji hubadilika, muziki haubadiliki

Msomaji anaweza kunijibu kwamba orodha ni mchezo tu, hazimdhuru mtu. Tuangalie orodha mashuhuri kuliko zote duniani, ile ya jarida la Rolling Stone la Marekani ya albamu 500 bora za nyakati zote. Mwaka 2003 nafasi ya kwanza walipewa The Beatles kwa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya mwaka 1967. Mwaka 2020 jarida lilikusanya majaji upya, na nafasi ya kwanza ikaenda kwa Marvin Gaye, What's Going On ya mwaka 1971. Kati ya miaka hiyo miwili hakuna noti hata moja iliyoongezwa kwenye albamu hizo. Waliobadilika ni waliokaa mezani.

Jambo la pili linatuhusu zaidi. Katika orodha ile ya mwaka 2003 iliingizwa The Indestructible Beat of Soweto, ambayo ni mkusanyiko wa nyimbo za wasanii mbalimbali wa Afrika Kusini, uliotolewa katika miaka ya 1980 kwa ajili ya wasikilizaji wa ng'ambo. Kwa maneno mengine, walinzi wakuu wa dhana ya albamu, walipofika Afrika, walilegeza sharti lao wenyewe. Walijua, au angalau walihisi, kwamba kipimo chao hakitoshi. Itakuwa ajabu sisi tukilishikilia sharti hilo kwa ukali kuliko wenyewe.

Kulegeza sharti nako kuna mtego. Mkusanyiko huchaguliwa na mtu, na mtu huyo ana soko lake. Mwaka 1987 wenye kampuni ndogo za santuri walikutana London wakakubaliana kutumia jina moja la kibiashara, “muziki wa dunia”, ili maduka yajue rafu ya kuweka kazi zisizo za Kizungu. Miaka miwili baadaye Remmy Ongala na Super Matimila walitoa Songs for the Poor Man kwa lebo ya Real World ya Uingereza. Ni kazi nzuri sana, na ni albamu kwa kila maana ya neno hilo. Lakini tukimweka Remmy na kumwacha Gurumo, orodha yetu itakuwa inasimulia rafu za London kuliko kumbi za Dar es Salaam.

Hoja ya wanaotetea albamu

Nisiwadhulumu wapinzani wangu. Wanayo hoja yenye uzito. Wanasema albamu inamwajibisha msanii: mtu yeyote anaweza kubahatisha wimbo mmoja, lakini kushika masikio ya watu kwa dakika arobaini kunahitaji upana. Wanaongeza kwamba ukiondoa kipimo cha albamu, kila mtu ataleta kanda ya mjomba wake na mjadala hautakuwa na mipaka.

Nakubali kwamba mipaka inahitajika. Nakubali pia kwamba hazina ya redio si kipimo safi. Redio ilikuwa na macho ya dola. Mashairi yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa, na wimbo uliokwaza ungeweza kubaki nje ya mlango. Bendi ya Tabora au Tanga ilikuwa mbali zaidi na studio kuliko bendi ya Ilala. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa jina la utamaduni wa taifa, na vijana waliokuwa wakiupiga hawakupata mahali katika kumbukumbu rasmi. Hazina ya Barabara ya Pugu yenyewe ni orodha, na iliandikwa na watawala.

Wanawake nao walipotea katika orodha zote mbili. Katika dansi sauti zao zilikuwa chache. Kida Waziri wa Vijana Jazz hukumbukwa kwa sababu alikuwa miongoni mwa wachache. Ukiwatafuta wanawake lazima uvuke uende kwenye taarabu, na huko utakuta kwamba Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, miongo miwili kabla ya santuri kubwa kubuniwa, kwa hiyo hana albamu na hawezi kuwa nayo. Bi Kidude aliimba maisha yake yote, na albamu yenye jina lake, Zanzibar, ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1990, akiwa tayari ni bibi kizee. Tukisema “zama za dhahabu” na kumaanisha dansi peke yake, tumeshachagua jinsia ya dhahabu yenyewe.

Kasoro hizo hazimrudishii albamu kiti chake. Zinatudai tutafute kipimo kinachofanana na namna muziki ule ulivyotengenezwa kwa kweli.

Kipimo ninachokipendekeza

Pendekezo langu ni kwamba tuhesabu kwa kipindi cha bendi: wanamuziki fulani, waliokaa pamoja miaka fulani, na tepe au santuri walizozirekodi ndani ya miaka hiyo. Kipimo hiki kina mipaka, kwa sababu bendi zetu zina tarehe za kuundwa, kuhamwa na kuvunjika zinazojulikana. Kinampima msanii kwa upana, kama watetezi wa albamu wanavyotaka. Na hakimwadhibu mtu kwa kuishi mbali na kiwanda.

Kwa kipimo hicho, haya ndiyo maamuzi yangu, na ninajua yatanigombanisha na marafiki.

Cuban Marimba ya Salum Abdallah, hadi kifo chake mwaka 1965, inaingia. Anayetaka albamu atapewa Ngoma Iko Huku, mkusanyiko uliotolewa Ujerumani mwaka 2000, miaka 35 baada ya mtunzi kuzikwa. Hii peke yake inatosha kuonyesha ugumu wa kumpima kwa tarehe ya jalada.

NUTA Jazz ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 inaingia, na kwangu iko juu kabisa, maana wengi waliofuata walipita mikononi mwake au walikimbia kutoka humo.

Mbaraka Mwinshehe anaingia mara mbili: na Morogoro Jazz, kisha na Super Volcano. Ukumbusho unatusaidia kusikiliza, lakini unachanganya vipindi viwili ambavyo mpigaji gitaa huyo alikuwa watu wawili tofauti.

Mlimani Park ya mwaka 1978 hadi 1985 inaingia bila mjadala. Mkusanyiko ulioitwa Sikinde ulitolewa Marekani mwaka 1994, karibu muongo mmoja baada ya kikosi kile kutawanyika. Wanaokazania tarehe ya kutolewa wangeiondoa kazi bora ya zama kwa sababu ya uzembe wa zama. Na hapa nawauliza: mbona Songs for the Poor Man ya mwaka 1989 mnaipokea, wakati ninyi wenyewe mmefunga mlango katikati ya miaka ya 1980?

Marijani Rajab na Dar International wanaingia kwa tepe za redio, na Safari Trippers wanaingia kwa “Georgina” na nyinginezo. Vijana Jazz ya Hemed Maneti inaingia. Les Wanyika nawapokea, ila nakataa kuwapigania na Wakenya. Kundi lililotoka Tanga likakomaa Nairobi na kuimba Kiswahili kinachoeleweka pande zote ni ushahidi kwamba mpaka wa mwaka 1977 uliwekwa na wanasiasa, na nyimbo hazikuutii. Kwa upande mwingine, Agwaya ya Orchestra Makassy (1982) na Kaivaska ya Super Mazembe (1983), zote zilizotolewa na Virgin ya London, naziweka pembeni. Ni albamu halisi na ni za kusisimua, lakini simulizi yake ni ya wanamuziki wa Kongo walioitafuta riziki kwetu na Kenya, na inastahili orodha yake yenyewe, si kugeuzwa kiraka cha kuzibia mapengo yetu.

Remmy naye anaingia, lakini kwa Super Matimila ya miaka yote ya 1980, pamoja na nyimbo zilizopigwa Sinza na Mwananyamala kabla Uingereza haijamjua.

Kutunzwa mara mbili

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kitenzi hicho, kutunza, kina maana mbili katika Kiswahili. Kumtunza mchezaji ni kumtuza, kumpa fedha mbele za watu, kumbandika noti kwenye paji la uso. Na kutunza ni kuhifadhi kitu kisiharibike. Wanamuziki wa dansi walitunzwa kwa maana ya kwanza, ukumbini, usiku ule ule. Kwa maana ya pili deni bado liko shingoni mwetu.

Deni hilo linalipika, na ndiyo sababu makala hii nawaandikia pia watumishi wa umma. Tepe za Radio Tanzania zimerithiwa na shirika la utangazaji la taifa. Utepe una umri wake. Unakauka, unakatika, unashika ukungu. Kuunakili kwa mfumo wa kidijitali ni hatua ya lazima, lakini haitoshi. Nakala isiyo na maelezo ni sauti tu. Tunachohitaji ni katalogi iliyo wazi kwa umma: jina la wimbo, mtunzi, waimbaji, kila mpigaji ala, tarehe ya kurekodiwa, na hali ya haki zake leo. Mtunzi asiyejulikana hawezi kulipwa, na mrithi wake hawezi kudai. Katalogi ni kazi ya ofisi, yenye majalada, mihuri na bajeti ndogo, lakini bila hiyo sheria ya mwaka 1999 itaendelea kuwalinda walio na karatasi na kuwapita wasio nazo.

Wanafunzi nao wana sehemu yao. Wazee waliopiga magitaa yale wanapungua kila mwaka, na kila mmoja anaondoka na majina ambayo hayajaandikwa popote. Tasnifu moja ya shahada ya kwanza inayoorodhesha wapigaji wa bendi moja kwa miaka mitano, kwa mahojiano yaliyolinganishwa na kanda, ina faida kwa taifa kuliko tasnifu kumi zinazorudia nadharia zilizoandikwa kwingine. Wanaharakati wanaopigania haki za wasanii wa leo wasisahau kwamba kesi ya wasanii wa jana haijasikilizwa.

Redio zetu huziita nyimbo hizi “zilipendwa”. Jina hilo nimelizoea, lakini linanikera kidogo kwa jinsi linavyofunga pendo katika wakati uliopita, kana kwamba wapendaji wote wamehama. Harusini, kwenye daladala, kwenye simu za wanafunzi wangu waliozaliwa baada ya mwaka 2000, nyimbo hizi bado zinapendwa. Kinachokosekana ni kujua tunampenda nani.

Basi safari ijayo ubishi ukizuka, kabla hamjapanga kumi bora, chukueni wimbo mmoja ambao kila mtu mezani anaujua, kwa mfano “Neema” wa Mlimani Park. Mtunzi na mwimbaji wake, Cosmas Chidumule, wengi watamtaja. Kisha ulizeni nani alipiga gitaa la solo siku ya kurekodi, nani alipiga besi, nani alikuwa kwenye tarumbeta, na ilikuwa tarehe ngapi. Atakayejibu kwa ushahidi na akaandika jibu lake mahali ambapo wengine wataliona, huyo ndiye ameianza orodha. Sisi wengine tutakuwa tumekunywa kahawa.